Sauti Mpya ya Rhona

9 Mtaa wa Kanisa,
Buckie, Uskoti.
12 Machi 2011

Mpendwa mdogo wangu Netta,

U hali gani huko Halifax, na goti lako limepata nafuu? Sisi huku tu wazima. Dod kikohozi kimemwacha, ila ubishi haujamwacha.

Habari kubwa ni ya Rhona wetu. Unajua alivyofanyiwa upasuaji wa koo mwaka juzi, wakati nyimbo zake zinapigwa kila mahali. Akapona, lakini ile sauti nyembamba ya juu haikurudi. Ikaja nyingine, nzito, ya chini. Kampuni yake ya muziki ya London ikamvunjia mkataba. Akarudi nyumbani, akawa anauza mikate, na hata kanisani alikuwa anachezesha midomo tu. Nilikuwa namtazama kwa pembeni nikimeza machozi.

Mwezi uliopita watu wa boti ya uokoaji walimwomba aimbe ukumbini kwenye harambee yao. Akakataa. Dod, baba yake, akimenya viazi, akamwambia, "Basi kaimbe vibaya. Sisi ni watu wa Buckie, tumeshavumilia mengi."

Rhona akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi. Akaenda.

Alipanda jukwaani na gitaa tu. Wimbo ni ule ule uliompa jina, lakini aliuimba polepole, kwa sauti hii mpya. Alipomaliza, Wilma, yule wa kiwanda cha samaki, akasema kutoka nyuma, "Binti, wimbo huo nimeucheza miaka mitano. Kumbe ni wa huzuni? Hebu rudia tuusikie."

Akarudia. Dod alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Sasa anatunga tena. Kampuni hana, anajitafutia kumbi ndogondogo mwenyewe. Juni atakuja kuimba huko kwenu. Anasema, "Mwambie Mama Mdogo akae mbele, ila asimtangazie mtu kwamba mimi ni mwanawe mpaka nimalize. Nataka wanipende bila kusukumwa." Jitahidi, Netta, najua itakuwa kazi.

Msalimie sana shemeji Alasdair, na umbusu mjukuu. Mungu awakinge na baridi hiyo.

Asubuhi hii Rhona alikuwa anaimba bafuni, mlango haujafungwa vizuri. Nikazima redio.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Ishbel