Kwa Nini Niliacha Kazi ya Bunduki

Mjukuu wangu Wanjiru,

Natumaini baridi ya huko haikusumbui sana. Sisi hapa Bondeni tuko wazima. Cucu, bibi yako, bado anauza viazi vya Dundori, na goti lake lina nafuu.

Juzi kwa simu uliniuliza kwa nini niliacha kazi ya bunduki, nami nikaanza kukuuliza habari za masomo. Leo nakujibu.

Nilikuwa fundi katika duka la bunduki hapa mjini, wakati uwindaji ulikuwa bado unaruhusiwa. Siku moja zililetwa bunduki sita mpya kutoka kiwandani. Ya kwanza kuuzwa niliikagua, nikaona sefti, kile kifungio cha usalama, haishiki. Hata ukiifunga, risasi ingeweza kutoka. Niliirekebisha vizuri. Mnunuzi akanisifu mbele ya watu, "Huyu ndiye fundi!" Kuhusu zile tano, zenye kasoro hiyo hiyo, nikanyamaza. Nilitaka wanunuzi waione shida wenyewe, kisha waniletee moja moja, nisifiwe tena.

Moja ikaenda katika shamba moja huko Rongai. Rafiki yangu Kiprono, aliyefanya kazi katika shamba lile, akapoteza mkono ilipofyatuka yenyewe. Nilipomtembelea hospitalini aliniuliza kwa upole, "Kwani ulijua hiyo bunduki ina shida?"

"Hapana," nikamwambia.

Akanishukuru kwa kuja. Kesho yake nilizitengeneza zile nne zilizobaki dukani, halafu nikaacha kazi.

Kiprono tulimzika mwaka jana. Alikufa akiamini nilimwambia ukweli.

Ni mimi, guka, babu yako anayekukumbuka.