Nani Anapandisha Nauli ya Mama?

Kibirichia,
Jumatatu asubuhi

Ndugu yangu mpendwa Kathuri,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi yetu. Natumai wewe, wifi yangu Uwase na malkia wenu mdogo mko salama hapo Kigali. Sisi tu wazima, isipokuwa magoti ya Mama, nayo unayajua. Nimeandika kwa kalamu na kumpa Abdirizak, dereva wa lori anayekuja huko, maana kundi letu la simu husomwa na ukoo mzima, na hili si la ukoo.

Tangu tusikie kwamba mtoto ameitwa Kendi, jina la Mama, hapa hapakaliki. Mama anaingia kanisani kama aliyechaguliwa diwani. Uwase si Mmeru, lakini amefuata desturi yetu kuliko wengi waliozaliwa hapa, na nimemsifu hadi shuleni ninakofundisha. Mama akasema ni lazima ambebe wajina wake siku ya ubatizo. Kwa basi ni safari ya mchana na usiku, na kwa magoti yale asingefika. Ilikuwa apande ndege au abaki.

Tukaunda kamati, unatujua, sisi hatununui hata kuku wa harusi bila mwenyekiti. Uenyekiti akapewa baba mdogo Kaimenyi. Tukachanga nauli tuliyokuwa tumeiona mtandaoni, na sikusikia mtu akinung'unika. Jana baada ya ibada tukakusanyika nyumbani. Baba mdogo akaagiza kila mwenye simu atafute tikiti, atakayewahi awahi. Tukaomba, tukasema amina, tukaanza kwa pamoja kujaza jina la Mama, kila mtu kwa simu yake.

Nauli ikapanda machoni petu. Aliyekaribia kulipa alisimama kwanza kuwauliza wenzake, kwa kuwa kamati sharti ikubali, na akirudi anakuta bei nyingine. Baba mdogo akasema kampuni imejua tuna pesa. Shangazi akasema simu zinatupeleleza. Mama akasema basi mjukuu atamwona kwa picha tu. Niliumia sana moyoni.

Nikampigia Nurto, niliyesoma naye, mwenye ofisi ya tikiti Meru mjini. Aliposikia tuko wangapi alicheka hadi nikaona haya. Akanieleza kwamba viti vya ndege havina bei moja. Vya bei nafuu ni vichache, hasa ndege ikiwa ndogo. Katika mitandao mingine, ukianza kujaza jina, kiti hushikwa kwa muda kisiuziwe mwingine, na anayekuja nyuma yako huonyeshwa kile cha bei ya juu. Ukiacha bila kulipa, kinarudi. Kwa hiyo, akasema, Mama wenu ameshika karibu vyote vya bei nafuu, na mnaovigombania ni ninyi wenyewe. Akatuamuru tuweke simu chini tunywe chai, yeye atanunua.

Tulicheka, na Mama akatushinda kwa kicheko. Simu zote zikalala mezani. Lakini baadaye Nurto akapiga kusema nauli imeshuka, ila haijafika pale tulipochangia. Pengine ni mgeni, au kuna mtu wetu bado ameshika kiti. Kila mmoja akaapa si yeye.

Hapa ndipo penye siri, Kathuri. Nilienda zizini kuchukua maziwa ya chai, nikamkuta Baba. Hakuwa kwenye kamati. Tangu uoe bila kungoja wazee wapeleke mahari, amekuwa akisema hatakanyaga kwako, na hata jina lako halitaji. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miwani puani, simu mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama aandike jina la kitambulisho au lile la ubatizo. Alikuwa akijitafutia kiti chake, kwa pesa za maziwa yake.

Nililia pale pale mbele ya ng'ombe. Baba yetu, na ule ukaidi wake! Sijawahi kujivunia mtu namna hiyo. Nikamsihi aache kujaza, nikampigia Nurto upya, na alipotazama tena nauli ilikuwa imerudi chini. Akawakatia viti viwili vinavyoongozana. Baba alinikanya nisikwambie. Alisema kama utamkataa, umkatae ana kwa ana.

Nimevunja neno lake kwa sababu nawe umerithi shingo yake, na sitaki shingo mbili zikutane bila mmoja kujua. Watatua Jumamosi ya wiki ijayo, mchana. Usimtume mtu, njoo mwenyewe. Mama atatoka mbele akipunga mkono. Baba atabaki nyuma, akijifanya anatafuta mizigo. Mpite Mama, umwendee yeye kwanza. Mama ameshakubali.

Mpe Uwase shukrani zangu, na mtoto umpakate kwa niaba yangu mpaka nitakapopata zamu yangu. Mungu awalinde wote.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kananu