Mdhamini wa Kumi

Copley, Ashmere Kusini
3 Oktoba 1988

Baba, shikamoo.

U hali gani? Goti linaendeleaje na baridi hii? Sisi huku ng'ambo ya reli hatujambo, ila mvua imetuchosha. Najua ni kichekesho watu wanaokaa umbali wa dakika ishirini kwa mguu kuandikiana barua. Lakini kwa simu tunagombana hata kabla hujamaliza kusema haloo, na tangu Krismasi nimechoka kukatiwa.

Basi nisikuzungushe. Mbunge wetu amefariki, Mungu amrehemu, na uchaguzi mdogo ni tarehe 3 Novemba. Nataka kugombea, mgombea binafsi, bila chama. Watu wa reli wanataka kubomoa daraja la waenda kwa miguu. Likiondoka, kina mama wa Copley watazunguka maili mbili kuwafikisha watoto shule na wazee zahanati. Nimeandikia kila ofisi, najibiwa "tumepokea." Labda nikisimama jukwaani watanisikia.

Fomu inataka wadhamini kumi, wapiga kura wa jimbo hili. Ninao tisa. Wa kumi ningempata hata sasa hivi hapo dukani kwa muuza samaki. Lakini nataka awe wewe. Kura yako sikuombi, wape hao hao wa siku zote. Naomba jina lako. Tangu nizaliwe sijakuona ukisimama upande wangu mbele za watu, Baba. Mara hii moja tu.

Mwanao,
Gwen


Barabara ya Linden
6 Oktoba 1988

Binti yangu Gwen,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio.

Ati unagombea! Marehemu mama yako angecheka mpaka akae chini. Hivi unajua unaingia wapi wewe? Hii ni Ashmere Kusini: ua mbele, bustani nyuma, wanaume wa treni ya saa moja na dakika kumi na nne, na wanawake wanaojua ni nani wiki hii hajakata majani. Huku watu hawagombani, wanachunguliana tu kwenye mapazia. Tangu vita viishe chama chetu kinashinda. Tungesimamisha hata ufagio, tukaufunga utepe wetu wa buluu, ungepita. Norman Pask, mwenyekiti wetu wa tawi, anasema mgombea wa safari hii ni afadhali kidogo kuliko ufagio.

Na nyie wa Copley? Mnalalamika mwaka mzima, halafu siku ya kura ikinyesha mnabaki ndani.

Sijakataa. Wala sijakubali. Njoo Jumapili na hiyo karatasi yako, nitaoka mguu wa kondoo. Usije na hotuba.

Baba yako


Copley
10 Oktoba 1988

Baba, shikamoo.

Jana nilifika salama. Nyama ilikuwa ngumu, tuseme ukweli, lakini niliimaliza.

Ulikaa na kalamu muda mrefu mpaka nikadhani umesinzia. Nikakuuliza, "Vipi, Baba?" Ukasema, "Natafuta miwani." Na miwani unayo usoni! Halafu ukaandika jina lako, na namba yako ya daftari la wapiga kura, polepole. Mimi nikajifanya natazama bustani. Nililia njia nzima, sikuficha, na mwenye mbwa pale darajani akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia, "Hapana, nimepata."

Nafasi zote kumi zimejaa. Kazini wamenipa ruhusa tarehe 18, siku ya mwisho, ndipo nitaipeleka fomu mwenyewe. Asante, Baba. Hujui umenipa nini.

Mwanao,
Gwen


Copley
18 Oktoba 1988

Baba,

Fomu yangu imekataliwa.

Msimamizi wa uchaguzi ni mtu mpole. Alipitisha kidole jina moja moja, akafika mwisho, akasimama. "Bibi Tickner, huyu wa kumi ameshamdhamini mgombea mwingine. Fomu yao ililetwa jana. Mtu mmoja hadhamini wawili." Nikamwambia, "Umekosea, huyo ni baba yangu." Akanigeuzia fomu yao nione. Sahihi yako, ya pili kutoka juu.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini, na saa kumi wanafunga. Nilitoka mbio barabarani kutafuta mtu yeyote wa Ashmere. Nikampata mama mmoja na kigari cha mtoto. Alikubali, maskini, hata kunisikiliza vizuri hajanisikiliza. Kumbe anakaa jimbo jingine.

Nijibu kitu kimoja tu. Ulijua?

Gwen


Barabara ya Linden
20 Oktoba 1988

Gwen,

Sikuulizi hali, naijua.

Nilijua. Ijumaa ile kabla hujaja, Norman aliipitisha fomu yao pale klabuni, kama anavyoipitisha kila uchaguzi. Nikatia sahihi huku tunaongea habari za mawaridi. Miaka thelathini natia sahihi hiyo bila kutazama. Wewe ulikuwa hata hunijii akilini, na hilo ndilo baya zaidi.

Jumapili niliposhika kalamu ndipo nikakumbuka. Ningesema hapo hapo. Lakini ulikuwa unanitazama kwa furaha ambayo sijaiona tangu ukiwa na miaka sita, nikasingizia miwani, nikaandika. Nikajiambia kesho nitamwomba Norman aniondoe. Jumatatu nikaenda. Wenzangu wote wapo, Norman kaninunulia bia. Nikaongea habari za hali ya hewa saa nzima, nikarudi nyumbani. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano sikwenda kabisa.

Niliona haya kuwasumbua watu. Ndiyo sababu, sina nyingine. Mtu mzima wa miaka sabini na moja, nimemuumiza mwanangu wa pekee kwa kuogopa kumkatiza mtu maneno.

Baba yako


Barabara ya Linden
29 Oktoba 1988

Gwen,

Natumai u mzima. Siku tisa hujajibu. Jana nilikuja hadi Copley, nikaona taa yako inawaka, sikugonga.

Nimemweleza Norman, mbele ya wote. Alishusha glasi yake, akasema, "Cyril, mbona hukusema? Ningeandika fomu nyingine kwa dakika tano." Dakika tano, Gwen.

Hata usiponijibu, vaa koti zito. Baridi imeingia.

Baba yako


Copley
6 Novemba 1988

Baba, shikamoo.

Natumai hujambo. Nilinyamaza kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi.

Jana jioni, watoto wakirundika kuni za ule moto wanaouwasha kila tarehe tano Novemba, mlango ukagongwa. Norman Pask, kofia mkononi, viatu tope tupu. Nikamwambia, "Umepotea njia, Bwana Pask? Huku hakuna kura zenu." Akacheka, akaomba chai. Akasema anachotaka kusema hakiruhusiwi, kwa hiyo yeye hakuja na hakusema.

Alikuwa wakala wenu kwenye kuhesabu kura. Mgombea wenu amepita, hongereni. Halafu msimamizi akawaonyesha mawakala kura zilizoharibika, moja moja. Moja ilichorwa nguruwe. Nyingine iliongezwa mstari chini ya majina yote, umepigwa kwa rula, na kisanduku chake pembeni, sawasawa na vile vilivyochapwa. Ndani yake: TICKNER, GWENDOLEN RUTH, WA COPLEY, MGOMBEA BINAFSI. Na alama ya kura. Norman alizitambua herufi. Ndizo zilizo kwenye michoro ya paa la klabu uliyowachorea.

Mkewe alikuwa nyuma yako kwenye foleni. Anasema ulitoa rula kwenye koti, na ulikaa kwenye kibanda mpaka watu wakaanza kukohoa kwa makusudi. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama kuna aliyefia humo ndani. "Na Cyril hakuharakisha," Norman akaniambia. "Miaka thelathini namjua, sijawahi kumwona akimsubirisha mtu."

Nawe hukuniandikia hata neno juu yake. Ningekufa bila kujua.

Msimamizi alisema ile kura haihesabiki. Mimi nimeihesabu: moja. Bado nina hasira nawe, Baba, tena nyingi, na Jumapili ijayo nakuja kula.

Mwanao,
Gwen