Punda Wako Sajini na Mama Asiyeshaurika

Kijiji cha Mandawa, Ruangwa,
Kupitia Posta ya Nachingwea.
16 Agosti 1981

Mpendwa kaka Amri,

Assalaam aleykum, na shikamoo. Kifua chako kimepoa huko Mwanza, au bado kinakusumbua? Sisi hatujambo, ila goti la mama, na akili yangu mimi ambayo wiki hii sijui iko wapi.

Mikorosho imetoa maua. Mume wangu Swalehe anasema mwaka huu tutashiba, lakini husema hivyo kila mwaka.

Sasa nikueleze habari za Sajini, yule punda uliyekuja naye kutoka Dodoma ulipomaliza jeshi. Amezeeka, kaka. Meno yamekwisha, majani yanamshinda, na akilala hainuki mpaka tuite majirani. Alikuwa akitubebea maji, siku hizi mama ndiye anayembebea yeye. Angekuwa ng'ombe tungechinja, tukala, maneno yakaisha. Punda tumfanyeje?

Kinachonitia hofu hasa ni mama. Uji wake anakunywa nusu, nusu anampelekea Sajini. Shida ya unga siku hizi unaijua. Amekonda mpaka naona aibu watu wakimwona.

Nikamwita bwana mifugo, Gaudens, yule kijana wa Bukoba. Akashauri tumpumzishe. Mama akamwuliza, "Na bibi yako huko kwenu, meno yake yangalipo? Mbona hamjampumzisha?" Kijana wa watu akapanda baiskeli yake akaondoka.

Swalehe akasema tumfukuzie porini upande wa Kiegei. Asubuhi nilikubali, jioni nikakataa. Nikaenda kwa shehe, akaniambia kumtesa mnyama ni dhambi. Nikamwuliza, kumtesa ndiko kumwua, au ndiko kumwacha hivi alivyo? Akasema ngoja afikiri. Mpaka leo anafikiri.

Basi nikaona dawa ni mtani. Nikamwomba Kaimu wa Namungo aje amchukue, maana mtani akichukua kitu hanyang'anywi wala hanuniwi. Akaja na kelele zake, akamfunga Sajini kamba, akasema, "Punda huyu wangu, na nyie mkilia nawachukua pia!" Mama akacheka kweli kweli. Nikashukuru Mungu, mambo yamekwisha.

Kumbe wapi! Kulipokucha mama hayupo, na pumba hazipo. Yuko Namungo, kwa Kaimu, anampondea Sajini mihogo. Kaimu kaleta ujumbe kwamba yeye alitania punda, hakutania mama mzima, tuje tuwachukue wote wawili. Mtani kashindwa utani! Sijui nicheke au nilie.

Nikamfuata mama hukohuko. Nilimkuta ameketi chini kando ya punda, nikafoka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, mama, utakufa kwa ajili ya punda? Hakukasirika. Alinijibu taratibu, "Mwamini, nyumba ya kaka yako ilianguka, shamba lake tumelima sisi. Sajini naye akifa, Amri atarudi kufuata nini?"

Kaka, nami nikaketi chini kando yake. Nilidhani najua tunabishana juu ya nini.

Wanakusalimu Swalehe, shangazi Sikuzani, na Kaimu, anayesema anakudai pole. Mungu akuepushe na mabaya ya ugenini.

Usiniandikie tumfanye nini punda. Panda gari uje, mama akuone.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikigomba,
Mwamini