Kisanduku cha Landrova ya Babu Rubeni

Dori, Babu Rubeni kaumbuka leo hapa Same, tena mbele ya watu!

Landrova yake si imevishwa bodi mpya, imechongwa kwa kuiga ile iliyooza? Basi akamwalika na Mzee Yunus aje kuiona. Yule askari mstaafu aliyekuwa akimpekua miaka ya themanini, akisaka sukari ya magendo, asipate hata chembe.

Fundi Mbaraka aliyeichonga, kwa kupenda sifa, akanyanyua kiti cha dereva. "Mzee, na kile kisanduku cha siri nimekirudisha vilevile!"

CHA SIRI! Kasema hivyohivyo, mwenzangu!

Mzee Yunus akazamisha mkono humo mpaka begani. "Rubeni! Nilipekua mpaka tairi la spea!"

Babu akakohoa. "Na wewe Yunus, sukari ya harusi yako ulidhani ilitoka wapi?"