Hongera ya Lusweti

Nabwire, bado siamini. Binamu yangu Lusweti ameandika "Hongera, mmependeza" kwa grupu ya familia, chini ya tangazo la kifo cha Shangazi Nabalayo aliyemlea.

Hongera, Nabwire.

Unajua haoni, simu ndiyo humsomea. Na tangazo walituma kama picha, bila maneno kando. Simu ikasema tu "picha." Akadhani ni picha ya harusi ya binamu yetu Felix, ya juzi.

Wakamtukana hapo hapo. Hayo matusi simu ilimsomea yote. Hakuna hata mmoja aliyempigia.

Nimemkuta kwake hapa Eldoret amekaa peke yake. Akanipa simu.

"Rudi nyuma mpaka Januari, unisomee kila picha. Nataka kujua ni nani mwingine alikufa nisijue, wakamzika bila mimi."