Ndege Saba za Chumba cha Uani

Anazichukua zote! Haruni wangu anakuja kuchukua ndege zake zote saba, hadi ile ndogo ya povu gumu yenye mkia uliogundishwa mara mbili, na humu ndani haitabaki hata moja.

Haya, sasa ndiyo nisalimie. Assalaam alaykum, shajara yangu, na wewe unayepita ukasoma. Leo ni Jumanne. Bagamoyo imefunikwa na mawingu tangu alfajiri, mvua hainyeshi wala haisemi kwamba hainyeshi. Nguo nilizoanika jana bado zina ubichi, na mimi hali yangu ndiyo hiyohiyo ya nguo.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Haruni. Shule yangu iliishia darasa la saba, na nimezaa mtoto mmoja tu, ila huyo mmoja angewatosha wanawake watatu. Yuko Dodoma, anarusha droni za kupima mashamba. Watu wazima wenye suti wanasimama juani kumsubiri ashushe chombo chake ndipo wajue mpaka wa shamba umepita wapi. Kabla ya hizo droni zilikuwa ndege. Na si za kuchezea watoto, naomba tuelewane mapema. Ni ndege za kuongozwa kwa rimoti, zina mota, zina antena, na ile nyeupe mbawa zake ni ndefu kuliko mimi nikinyoosha mikono yote miwili. Tatu kaziunda mwenyewe kwa mbao nyepesi kama mkate mkavu, akazivalisha ngozi ya nailoni inayobanwa kwa pasi.

Pasi yangu. Nitajieni mama mwingine mtaa huu ambaye pasi yake imetengeneza ndege.

Ukurasa huu wa mtandaoni nao ni yeye aliyenifungulia. Alisema, "Mama, andika. Maneno yako ni mengi, simu haiyatoshi." Sina hakika kama huwa anausoma.

Alipohamia Dodoma, miaka minne sasa, aliniachia ndege na karatasi ya masharti. Zisikae juani. Zisilale sakafuni, panya hupenda kutafuna povu. Mbawa zisiegemewe na kitu. Betri zisikae ndani ya ndege na zisijae chaji, ziwekwe mahali pa baridi mbali na chochote cha kushika moto, maana zikiharibika huvimba na kuwaka. Niliisoma karatasi ile kama watu wanavyosoma wosia.

Na nimezitunza, wallahi. Nyumba yetu ni ya kizamani, ya boriti, basi nikapitisha kamba kwenye boriti za chumba cha uani nikazining'iniza zote, kila moja imeshikwa tumboni na mkiani isiyumbe. Kila moja nimeishonea mfuko wake wa kanga kuukuu, vumbi lisiiguse. Ijumaa asubuhi naingia na tochi kukagua matundu ya mota, kwa sababu nyigu wa udongo akiona tundu halina mwenyewe hujenga. Na betri nimezifukia ndani ya mtungi mkavu uliojaa mchanga, kila moja na nafasi yake. Haruni alipowasimulia wenzake wa Dar, wale wanaorusha naye, wakataka picha ya mtungi. Watu wenye vyeti! Mmoja akasema kwa miaka yote hawakuwahi kufikiria mtungi. Nilikwenda nayo habari hiyo sokoni, msikitini kwenye darsa la wanawake na kwenye arusi mbili.

Jirani yangu Bi Mwanaidi hunitania. "Mama Haruni, una uwanja wa ndege na abiria huna." Juzi akaongeza, "Chumba hicho ungempangisha mtu, shoga, upate hata wa kukuambia pole ukipiga chafya."

"Wapangaji wangu hawaachi vyombo vichafu," nikamjibu.

Tukacheka sana. Kisha akaenda kwake, nikaosha sahani moja na kikombe kimoja.

Niseme jambo ambalo uso kwa uso sijamwambia mtu. Huwa nazungumza nazo. Naingia mle chumbani naziambia leo pweza wangu hakuuzika sokoni, leo umeme umekatika tena, leo nimeota Haruni ni mdogo na amekataa uji. Hazijibu, bila shaka. Lakini upepo wa dirishani hupita zikatikisika kidogo kwenye kamba zake, nami hujiona nimesikilizwa.

Haruni huja mara mbili kwa mwaka, akakaa siku tatu. Siku ya kwanza analala. Siku ya pili anafungua mifuko ya kanga, anazipima, anazichokonoa, anapeleka mbili tatu kuzirusha. Siku ya tatu anaondoka. Ananipenda mwanangu, sina shaka hata kidogo. Lakini siku ya pili ni ya nani, naijua.

Ndiyo maana jana baada ya alasiri simu yake iliponijia, ilinikata. "Mama, nimepata nyumba yenye chumba cha ziada. Nakuja kukupunguzia mzigo."

Mzigo!

"Huku hewa ni kavu," akasema. "Hapo nyumbani chumvi ya bahari inazila nyaya."

"Chumvi hiyohiyo wewe umekulia, mbona hujashika kutu?" nikamwambia.

Akacheka. Nami nikacheka. Nikamwombea Mungu amzidishie, nikaaga vizuri, kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda mpaka ikaadhiniwa magharibi.

Sasa nikiri, maana nimefungua ukurasa huu kwa ajili ya kukiri.

Alhamisi iliyopita niliunguza moja. Kwetu Alhamisi jioni nyumba hufukizwa udi kuipokea Ijumaa. Haruni alipokuwa hapa nilikuwa nafukiza kanzu yake, ikawa akipita watu wanageuka. Basi Alhamisi ile nikajiambia, kanzu yake haipo lakini ndege zake zipo. Nikaivua mfuko ile nyekundu, ya kwanza kabisa kuiunda, nikaweka chetezo cha makaa na udi chini yake ili siku akija imnukie vizuri. Nikaenda jikoni kugeuza samaki. Niliporudi, ngozi ya ubawa wa kushoto ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, na mbavu za mbao zinaonekana.

Ilinukia vizuri sana.

Nikaigeuzia ukutani, nikaivalisha kanga yake, sikumwambia mtu. Hiyo ni aibu ya kwanza. Ya pili ni kubwa zaidi. Jana, pale kitandani, nilipoikumbuka ile nyekundu sikusikitika. Nilifurahi. Nilisema moyoni: mbovu haisafirishwi. Hii itabaki hapa, na yeye itabidi aje kuitazama.

Asubuhi hii nikawasha makaa. Si Alhamisi, mgeni hayupo, nyumba haina harufu mbaya. Nikabeba chetezo mpaka chumba cha uani nikasimama chini ya ile nyeupe. Nikafikiri, zikiungua mbili zikabaki hapa, hataona haraka ya kuzikata kamba zangu. Nikaweka chetezo sakafuni, nikaanza kuivua mfuko. Ndipo nikajiona. Mkono mmoja unafungua fundo ili niiunguze, na mwingine umeushika mkia taratibu usigonge ukuta, kama nilivyozoea kwa miaka minne. Mikono yangu mwenyewe ilikuwa haielewani.

Astaghfirullah. Nikarudisha fundo, nikatoa chetezo nje. Makaa nikayapeleka jikoni nikabandika chai, maana makaa hayana kosa.

Chai sikuinywa. Nikampigia mwanangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Haruni, nimeiunguza nyekundu."

"Umeiunguza na nini?"

"Udi."

"Udi wa kufukiza?"

"Kwani wewe unajua udi gani mwingine?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nilipomsimulia nilivyoikuta, akanieleza kwamba kilichojikunja ni ngozi tu, mbao ni nzima. Inabanduliwa, inavalishwa nyingine, inabanwa kwa pasi, kwa muda wa saa mbili kazi imekwisha. Kwa hiyo nayo inakwenda. Zote saba. Ilinipasa niseme alhamdulillahi na nikasema, lakini ilitoka nyembamba.

Basi nikaona niimalize yote. "Na nyeupe nimetaka kuiunguza leo. Hiyo ni kwa kusudi."

Hapo hakucheka. "Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu zikiondoka zote, utakuja kufanya nini huku?"

Nilisikia magari ya Dodoma yakipita nyuma yake. Akaanza, "Mama, mimi nakuja kwa ajili yako..."

"Jibu hilo ni zuri, usilimalize," nikamwambia. "Ukilimaliza nitalia, na nina samaki wa kupaa magamba."

Halafu neno likanitoka ambalo sikulipanga. "Kabla hujazifunga, nataka nione moja ikiruka."

"Hujawahi kuona ndege yangu ikiruka?"

"Nani alikuwa anapika?"

Na ni kweli tupu. Kila mara Haruni na wenzake walikwenda kuzirusha kwenye uwanda wazi upande wa Mlingotini, nami nilibaki na sufuria ili wakirudi wakute wali. Nimezishonea nguo, nimezifukuzia panya, nimejua kila mkwaruzo wake. Nimeziona zikitoka mlangoni zimebebwa na zikiingia mlangoni zimebebwa. Angani sijaiona hata moja. Najisifu mtaa mzima kwa kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi yake.

Haruni aliponijibu sauti yake ilikuwa ya chini, kama alipokuwa na miaka kumi akaniletea cheti kilichoanguka topeni. "Basi haturushi moja. Tunarusha zote. Nyekundu nitaivalisha ngozi nikifika, utanishikia pasi. Nitawaleta wale wenzangu watatu wa Dar. Na wewe Mama, siku hiyo hupiki."

"Wageni waje na mimi nisipike? Unataka niongelewe?"

"Tutanunua chapati njiani. Ukibeba sufuria, ndege hazipandi."

Mtoto amekuwa na amri! Nimemkubalia, ingawa vitumbua sijaviahidi, na vitumbua si kupika.

Nimetoka uani nikamwambia Bi Mwanaidi. Nilitegemea atacheka. Akaniuliza, "Nami nakaribishwa, au ni ya wenye vyeti?" Nikamwambia alete na mkeka. Kisha akasema, "Chumba kitakuwa kikubwa, Mama Haruni." Nikamwambia ndiyo, kitakuwa kikubwa. Hatukutaniana.

Sitajidanganya hapa. Zitapanda juu, nitapiga vigelegele mpaka sauti inikauke, nitawaonyesha watu ile ni ya mwanangu, na ile, na ile. Kisha zitashuka, zitafungwa kwa magodoro na kamba kwenye gari, na safari hii mlangoni kwangu hazitarudi. Asubuhi itakayofuata nitaingia chumba cha uani nikute kamba zinaning'inia. Sijui nitaziambia nini hizo kamba. Sijui kama Haruni atakuja mara mbili kwa mwaka, au mara moja, au atapiga simu tu. Hilo sikumuuliza. Niliogopa kumpa deni la maneno.

Ila nyeupe ni nzima. Nimeifunga fundo lake mwenyewe, na nimeligusa mara tatu tangu asubuhi.

Siku itakayofuata baada ya kuruka kwao sijaipangia kitu, na leo sitaipangia. Haruni, wenzake watatu, Bi Mwanaidi na mkeka wake, na mimi nisiye na sufuria, tutakuwa uwandani mapema kabla upepo haujaamka. Haruni anafika Jumamosi kuivalisha nyekundu, na wengine wote wanakuja Jumapili.